Mtetea wa Kongwa na Flopi za Visima: Kumuaga Octavian Chiwanga

Wewe uliyeweka kikombe cha chai ya maziwa juu ya flopi ya visima vya Chemba, unajijua, na mimi nakujua, kwa sababu kikombe nimekiosha mimi. Ile si kisahani. Na wewe uliyechomeka flopi nyingine chini ya mguu wa meza ili isiyumbe, meza imetulia, lakini visima kumi na viwili vya watu vimekaa chini ya kiatu chako. Mmesoma mpaka vyuo vikuu, na bado mnafundishwa adabu na mpika chai.

Haya. Ndugu Octavian Chiwanga anastaafu tarehe thelathini mwezi wa sita mwaka huu, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya kumbukumbu za visima kwa miaka thelathini na sita. Mkuu wetu, Bi Shamimu, alimpa mtumishi mmoja kazi ya kuandika wasifu huu, naye akaandika kwamba mstaafu ni nguzo, ni taa na ni hazina isiyofutika. Octavian alipousoma akauliza nani amefariki. Ndipo akaomba niandike mimi, Mwanamvua wa jiko la chai, kwa kuwa nilimtangulia kuingia hapa kwa miezi minne na hakuna mwingine aliyebaki wa wakati ule. Nina darasa la nne, lile la zamani lenye viboko. Naandika kwa mkono, Devota anapiga chapa, na nimemwambia akirekebisha neno langu hata moja chai yake akanywe barabarani.

Alitoka Kongwa mwaka themanini na tisa akiwa karani wa mafaili, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Kompyuta zilikuja mwaka tisini na nne. Mtaalamu aliyezileta alikaa wiki mbili, akaondoka, na kitabu cha maelekezo akaondoka nacho. Wakubwa wote wakawa wanazipita zile mashine kama mtu anavyompita mbwa asiyemjua. Octavian peke yake akavuta kiti.

Nyie mliozaliwa juzi niwaeleze. Flopi ni kijikasha cha plastiki, bapa, kinaingia mfuko wa shati. Ndani yake kuna utando mwembamba kama ganda la kitunguu, na humo ndimo yalimo maandishi. Unaichomeka kwenye mdomo wa kompyuta, mdomo huo wanauita draivu, inakoroma kidogo, halafu inasoma. Siku nyingine haisomi. Inakuandikia kwamba flopi hii haijatayarishwa, je, uitayarishe sasa? Inauliza kwa upole kama mkwe. Ukikubali, imefuta kila kitu.

Aliyekubali wa kwanza alikuwa Filipo, mkuu wetu wa wakati ule, Mungu amrehemu. Alidhani anaulizwa kama anataka kuendelea, naye alikuwa mtu wa kuendelea. Visima kumi na saba vikatoweka kabla chai haijapoa. Octavian alichukua baiskeli na kamba ya kupimia, akazunguka wiki tatu kijiji kwa kijiji kuvipima upya, akarudi midomo imepasuka. Kisha akabandika ukutani karatasi yenye herufi moja tu, N, kubwa kama jembe. Kwenye mashine zile N ndiyo hapana. Mkatae kwanza, alisema, halafu ndiyo mtafute kinachoumwa. Karatasi hiyo ipo mpaka leo, na nikimkuta mtu anaibandua nitambandua yeye.

Sasa nitasema na langu, lisije likasemwa na mwingine. Mvua kubwa za mwaka tisini na nane zilitoboa paa, flopi arobaini zikalala kwenye tope jekundu. Asubuhi nilizikuta, nikazionea huruma. Nikazitia kwenye beseni na sabuni ya unga, nikazisugua, nikazianika kwenye kamba na vibanio vya nguo, zikapangana vizuri kuliko soksi za shule. Ofisi nzima ilitoka nje kutazama. Filipo alishika kichwa, akasema niandikiwe barua ya kufukuzwa. Octavian akaikagua kamba nzima taratibu kama anayenunua mitumba, akasema, "Mama Mwanamvua hajakosea kufua. Amekosea maji."

Na kweli, bomba letu la Dodoma mnalijua, sufuria tu linaiachia ukoko mweupe. Akamwendea dereva akaomba maji ya betri, yale yasiyo na chumvi. Akapasua vile vikasha kwa wembe kimoja kimoja, akasuuza tando kwa maji yale, akazikausha kivulini juu ya kanga yangu safi, akazivisha vikasha vipya. Thelathini na moja zikasomeka. Tangu siku hiyo flopi ikichafuka inafuliwa hivyo, na kanga ni yangu, na barua ya Filipo haikuandikwa. Kabati la flopi likahamia stoo ya jiko la chai, maana Octavian alisema ndicho chumba pekee kisicho na vumbi katika jengo hili. Asante, nilimjibu, umechelewa kuona.

Lakini kazi yake iliyo kubwa kuliko zote ni ya kijiji cha Busi, mwaka elfu mbili na kumi na moja. Mzee Shaibu wa kamati ya maji alifika siku ya Jumatatu, viatu mkononi, akasema mtambo wa kuchimba unaingia kwao Alhamisi na utatoboa mara moja tu. Mwaka tisini na sita watu wa ofisi yetu walijaribu mashimo mawili kule, moja likatoa maji matamu na jingine chumvi, yakafunikwa yote. Sasa nusu ya kijiji wanaapa tamu lilikuwa karibu na shule, nusu wanaapa ni kwenye mashamba ya ufuta. "Wameacha kupeana salamu," alisema. "Semeni nyie, mliandika."

Tuliandika, ndiyo. Flopi ilikuwepo, imeandikwa Busi kwa kalamu nyekundu. Octavian akaichomeka, mashine ikauliza lile swali lake la mkwe. Akabonyeza N. Akaipeleka mashine ya pili, N. Ya tatu, N. Akaifungua, utando ni safi, hauna doa. Akaigeuzageuza mpaka chai yake ikafanya ngozi, kisha akasema flopi ni nzima ila iliandikwa na draivu iliyopinda. Draivu ikipinda huandika nje ya mstari, na anayeweza kusoma ule mwandiko ni yule yule mpindaji. Akafungua daftari lake. Mashine iliyoiandika iliuzwa kwenye mnada, ikachukuliwa na mwalimu mmoja wa Kongwa, Mwalimu Ruthu.

Jumanne tukaenda, na mimi nikiwemo, maana Octavian anajua mambo ya mashine lakini kuomba hajui. Mashine tuliikuta uani. Kifuniko hakuna, ndani majani makavu, na juu ya majani ametulia mtetea mwekundu na mayai yake kumi na moja. Draivu ilikuwa pale pale mbele, chini ya kifua chake. Mwalimu Ruthu akasema kuku anayeatamia hasogezwi, mgeni wala hamsogelei, mayai yataviza. Turudi baada ya siku kumi. Octavian akaanza kueleza habari za mwandiko uliopinda. Nikamkanyaga mguu. Nikaketi, nikauliza habari za watoto, za wajukuu, za mvua, tukala ugali wake na mlenda, nikausifia, na haukuwa mbaya. Ndipo nikamwambia kwamba kule Busi kuna mwanamke anayeamka usiku kufuata maji kama yeye alivyokuwa akiamka, na ndoo kama yake ya zamani, na keshokutwa watu watamchimbia chumvi. Mwalimu alinitazama sana. "Kitoeni alichokalia," alisema, "lakini yeye asinyanyuke."

Basi nikamfunika mtetea kwa kanga, kuku akiona giza anatulia. Octavian akalala kifudifudi uani, yeye na shati lake la pasi, akapenyeza bisibisi chini ya majani. Skrubu nne. Ya tatu ilikuwa na kutu, mtetea akachoka, akamdonoa kupitia kanga mpaka damu. Hakuvuta mkono. Mwombeni siku ya sherehe awaonyeshe dole gumba la kulia, kovu lipo.

Usiku ule ule, hapana, Devota andika jioni, kulikuwa bado na mwanga. Jioni ile draivu ilipigwa brashi ikatolewa manyoya, ikafungwa kwenye mashine ya ofisi, ikakoroma kama mlevi, ikasoma. Tamu ni kwenye ufuta, mita themanini na nne. La shule ni chumvi. Mzee Shaibu, aliyekuwa akitusubiri ofisini, aliisoma karatasi ya majibu mara mbili akacheka, maana kule shuleni walikwisha kufyeka na kupanga viti vya wageni. Jumatano wakavibeba viti kichwani mpaka kwenye ufuta, kijiji kizima, na waliogombana wakabeba pamoja. Alhamisi maji yakatoka. Mayai yote kumi na moja yakaanguliwa, na Mwalimu Ruthu akamletea Octavian jogoo mmoja.

Huyo ndiye mnayemuaga. Hajawahi kuwa mkuu wa chochote. Flopi mia mbili na kumi na tano amezihamishia kwenye mashine mpya. Zimebaki tisini na sita, na ile draivu iliyopinda ni moja tu, na anayeijua tabia yake anaondoka, huku ukutani kuna tangazo kwamba kabati la stoo litasafishwa Ijumaa, vilivyomo vitupwe.

Octavian, umetutumikia bila kutupandishia sauti, hata tulipostahili. Rudi Kongwa ukalime alizeti yako, mvua ikukute umeshapanda, na kisima chako kisionje chumvi.

Sasa nyie. Bi Shamimu, nakuheshimu, lakini tangazo lile litoke leo. Kila aliyechukua flopi airudishe stoo kabla ya sherehe. Pilau napakua mimi, na nina orodha. Na wewe Jordan, afisa wetu wa kompyuta, mstaafu amekubali kubaki na wewe wiki mbili. Jumatatu saa mbili kamili uwe stoo na daftari, bisibisi na maji ya betri, uanze na ya kwanza mpaka ya tisini na sita. Mashine itakuuliza. Bonyeza N.