Safu ya Kumi na Saba

Dada yetu mkubwa, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, wa kwanza kati yetu watatu. Mimi ndiye kitindamimba. Alinibeba mgongoni mpaka nikaanza kuona aibu.

Alimaliza sekondari mwaka 1981, akasomea ukutubi. Kuanzia Juni 1986 alifanya kazi chuo kikuu, kwenye chumba cha chini ya ngazi, akitunza data za watafiti ili na wengine wazitumie. Hakupokea jedwali ambalo safu zake hazina maelezo. Maprofesa na vyeo vyao walirudishwa mlangoni kwa swali moja: "Ukifa kesho, nani ataelewa hii?" Wakambandika jina hilo, Ukifa Kesho, naye akalipenda. Alistaafu Machi 2022, ila funguo hakurudisha.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, mpole wa kumvumilia mke anayebandika lebo hadi kwenye kopo la chumvi. Walijaliwa binti mmoja.

Kwa miaka ishirini na miwili alipima mwenyewe maji ya visima, Jumamosi kwa Jumamosi. Aliwaahidi wenye visima kwamba matokeo yatawekwa wazi kwa kila mtu. Alikuwa anaikamilisha kazi hiyo tarehe 2 mwezi uliopita, kiharusi kilipompiga, akapoteza kauli.

Hospitalini aliinua kidole kimoja, akakikunja, kisha akahesabu saba. Kila siku hivyo hivyo. Shemeji akasema, "Kumi na saba! Anaikumbuka ndoa yetu." Tukamletea picha za harusi. Akageukia ukutani, akalia, nasi tukasema ni machozi ya furaha. Alifariki Jumanne asubuhi.

Haya yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizogawiwa. Jana mkuu wake wa kazi alinieleza kwamba data za visima haziwezi kutolewa. Safu kumi na sita zina maelezo. Ya kumi na saba ina namba tupu, moja hadi tano, na hakuna anayejua ni za nini. Roho yangu haijatulia tangu hapo. Dada, tulikuwa tunakuonyesha picha.

Ameacha mume, binti, wadogo zake wawili na visima arobaini. Wewe uliyewahi kumshikia kamba akipima, tafadhali usiondoke bila kuniona. Nimekuja na daftari. Nikishayajaza maelezo ya safu hiyo, ndipo nitathubutu kumwambia apumzike.