Kalamu ya Mzee Orville

Mheshimiwa Diwani Pruitt, wajumbe wa bodi, madaktari wa wanyama, ndugu wafanyakazi, nanyi mliokuja na paka wenu mapajani: poleni kwa theluji, karibuni. Nimeambiwa nisimame palepale penye kipaza sauti. Sitaweza, mnivumilie nikitembeatembea. Na tafadhali mtu asibofye kalamu, maana vizimba viko nyuma ya ukuta huu na paka arobaini watadhani kuku amefika.

Leo tunamuaga Mzee Orville Lindqvist, fundi mstaafu wa mabasi, aliyejitolea katika makazi haya ya wanyama kwa miaka tisa. Kesho anahamia Arizona kwa binti yake. Niruhusuni nimsifu kwa kutaja kosa langu. Mimi ndiye mkuu hapa, na mimi ndiye ninayetia saini karatasi za sindano ya mwisho, ile ya kumuua mnyama asiyechukuliwa na mtu. Paka mmoja, Dolly, alipong'ata watu watatu, nilikuwa nimeshatoa kalamu. Mzee akanishika mkono.

"Bosi, huyo si mkali, ana hofu. Niazime hiyo kalamu siku kumi."

"Paka hafundishiki, mzee."

"Nimefundisha madereva wa mabasi. Paka atanishinda?"

Alibofya, akatupa kipande cha kuku. Akabofya tena, akatupa. Siku ya nne Dolly aliacha kutazama ukuta. Siku ya tisa alikuja mwenyewe kugusa kidole cha mzee kwa pua. Tangu hapo mzee akawabofyea paka wa vizimba vyote. Nani kati yetu alijua kwamba mnyama akipewa jambo la kufanya, akajua na tonge linakuja lini, hofu humpungua? Mimi sikujua, na kabla ya Dolly nilishatia saini nyingi. Majuto ni mjukuu, nami wajukuu ninao wengi. Mheshimiwa Diwani, Dolly ndiye huyo uliyempakata.

Sasa kwa nini situlii? Kizimba cha saba yumo paka aliyeletwa Jumatatu. Anatazama ukuta, na ameshamrarua daktari kwa kucha. Karatasi yake iko mezani kwangu. Tangu nianze kusema nawakagua nyuso, natafuta wa kumtwisha mzigo huu. Lakini jana mzee alinirudishia kalamu.

"Siku kumi zilikwisha zamani, bosi. Zamu yako."

Ndiyo hii. Karatasi sijaitia saini, na kuku ninaye mfukoni. Naogopa kung'atwa, nasema wazi. Mzee, nenda salama, tumekupenda. Ninyi endeleeni na keki. Asanteni kwa kunisikiliza, na sasa niacheni nikabofye.