Kompyuta ya Safina Inayochoka Mchana

Mwaka ule wa 2004 benchi letu la kahawa lilikuwa chini ya dirisha la Safina, mpiga chapa wa Ujiji, kwa hiyo kila alichokiandika tulikisoma kabla ya mwenye nacho. Asubuhi kompyuta yake ilikwenda kama boti ya injini mbili. Ikifika saa tano inaburuta miguu, na adhuhuri ukibonyeza herufi unamaliza kikombe kabla haijatokea. Siku hiyo ilikuwa saa saba na ushee. Mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi, Marcelina, alikuwa anasubiri tangazo la kumtafuta kaka yake, waliyepotezana naye wakivuka mpaka. Lori la kwenda kambini lilikuwa linaondoka saa nane, na dereva wake, Leodgar, ameahidi kulibandika kwenye ubao wa kambi kwa mkono wake. La kalamu lilishabandikwa, mvua ikalifuta.

— Safina, umefika wapi? aliuliza Abeid, fundi wa injini za mitumbwi, tuliyemwita Injinia.

— Nimeandika “Anatafu”. Naingoja “twa”.

— Umeme huo! Saa hizi Ujiji nzima inapiga pasi kanzu.

— Jumatatu, Injinia?

— Wapo wanaojiandaa mapema.

Dismasi alifagia zahanati miaka kumi na moja, ndiyo maana tukamwita Daktari. Akatikisa kichwa.

— Ina virusi hiyo. Wiki jana si mliilisha disketi ya kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa? Nani aliiuliza kadi ya chanjo?

— Disketi inachanjwa wapi, Daktari?

— Haya, bisheni. Mkiugua nanyi msije kwangu.

Mimi wananiita Pasipoti, kwa kuwa nimefika Lusaka, Bujumbura na Mombasa, na kote nimefukuzwa kazi kwa heshima. Nikakohoa kidogo.

— Jamani, Mombasa nimeona kwa macho yangu. Mashine zote mchana zinalala, kama watu wa forodha. Iacheni isinzie.

— Ikisinzia, lori linaondoka, alisema Safina, na sauti yake haikuwa na mzaha.

Marcelina akasogea dirishani.

— Shikamooni, wazee. Samahani. Hili sanduku linalovuma, mmelivika sweta kwa nini?

Sanduku la kompyuta lilikuwa ndani ya kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu, kimelibana pande zote kama kofia ya kichanga. Safina alikuwa akilivisha kila siku saa nne, wateja wakianza kujaa, lipendeze. Aliyekifuma ni mke wangu. Aliyemwambia Safina kwamba huko duniani mashine za maana zote zinavaa, ni mimi.

Wote wakanigeukia. Nikanywa kikombe kisicho na kitu.

Safina akakivuta kile kitambaa.

— Yewe, linaunguza kama chungu!

Injinia akashika ungo, akapepea. Daktari akalipima joto kwa kiganja, akasema mgonjwa ataishi. Baada ya dakika kumi “twa” ikaja, na nyingine nyuma yake zikikimbizana.

— Anatafutwa Gervasi, alisoma Safina. Alama yake, mama? Haraka. Kovu? Mwanya?

— Hana kovu. Ila anaongea. Akikaa na watu anajua kila kitu, na hakuna hata kimoja alichosomea.

Injinia akaacha kupepea. Daktari akatazama viatu vyake.

— Andika hivyohivyo, nikasema. Ongeza: atafutwe kwanza kwenye mabenchi ya kahawa.

Honi ikalia. Marcelina akakimbia na karatasi ingali ya moto, sisi nyuma yake. Leodgar akaisoma mpaka mwisho, akainua macho, akatupitia mmoja mmoja.

— Mama, una hakika hayupo hapa?