Ruthu, Ukumbi Sasa ni Wako

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi; Ndugu Castory, Mwenyekiti wa Bodi ya shule hii ya baleti na kundi lake; wachungaji, masheikh na wazee wangu, ambao nawaamkia shikamoo, wazazi mliodamka kuwahi basi la Kondoa na ninyi mliokuja kwa miguu kutoka hapa hapa Mkonze, walimu wenzangu, na ninyi wanangu mlioketi sakafuni kwa sababu viti vimetuishia: habari za mchana.

Nimepangiwa kuzungumzia mafanikio. Mwenyekiti ameshayaeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza, na picha ziko ukutani. Mniwie radhi basi, nitumie nafasi yangu kumwambia Ruthu, anayepokea uongozi leo, jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu siku nilipoupokea. Nalisema mbele yenu makusudi, kwa kuwa ninyi ndio mtakaoishi naye.

Bodi ya kwanza iliponijadili, mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, aliuliza kama mimi Zipora, mwanamke peke yangu, nitawaweza vijana wa kiume wenye misuli namna ile. Nikamjibu kwamba misuli hiyo nitakuwa nimeitengeneza mimi. Wakacheka, wakanipa kazi. Lakini ni nani kati yao aliyeuliza nitakuwa nakula na nani?

Mji wetu ni mji wa uhamisho, mnajua. Baleti inamtaka mtoto kwa miaka mingi, na mwajiri wa baba yake hana habari na hilo. Mtoto ndiyo kwanza ameanza kusimama vizuri juu ya vidole, mara familia inapakia vitanda kwenye lori. Ndivyo ilivyokuwa kwa Restuta. Alikuwa binti mdogo, mwembamba, msikivu, na akiruka ungedhani hana haraka ya kurudi chini. Wazazi wake walipohamishiwa Songea, mama yake alikuja ofisini, akaniomba nibaki na mtoto. Nikabaki naye.

Alilala chumba cha pili nyumbani kwangu. Tulikula meza moja, tukagombana kuhusu vyombo, tukapikiana uji mmoja wetu alipougua. Ukumbini aliniita Mkuu kama wenzake. Nyumbani aliniita mama. Sikujaliwa kuzaa, ndugu zangu, na ingawa kila mwanamke wa umri wangu huitwa mama hata na muuza nyanya, yeye alikuwa wa kwanza kuniita hivyo akimaanisha.

Restuta alikua, akawa mchezaji wetu wa mbele. Mwaka tulioalikwa kucheza mbele ya wageni wakubwa hapa mjini, kundi zima lilijengwa kumzunguka yeye. Zikiwa zimebaki siku chache, nikaona kwamba akiruka anatua upande mmoja. Nilipomuuliza, akasema ni kiatu. Nikampeleka hospitali. Daktari akatuonyesha picha ya mguu: mfupa wa unyayo ulikuwa umepata ufa. Ukipumzishwa, alisema, utaunga. Ukichezewa, hakutuahidi kitu.

Tulirudi nyumbani. Nikaingia jikoni kusonga ugali, naye akanifuata akasimama mlangoni.

"Mama, ni onyesho moja tu," akasema.

Nikamwambia hapana, na kwamba nafasi yake atacheza mwenzake, Ruthu huyu huyu.

Alinitazama. "Ungekuwa mama yangu kweli, ungeniacha nicheze."

Nikamjibu, "Mama yako ana nafasi ya kulia na wewe. Mimi natakiwa kuamua."

Akasema, "Sawa, Mkuu."

Tulikuwa jikoni, mwiko uko mkononi mwangu, na aliniita Mkuu.

Onyesho lilikwenda vizuri. Ruthu alicheza kama mtu aliyeshika kitu cha mwenzake na anaogopa kukivunja, na watu walisimama kumpigia makofi. Mimi niliporudi nyumbani, chumba cha pili kilikuwa kimefagiliwa na kitanda kimetandikwa. Restuta alikuwa amekwenda kwa wazazi wake.

Mkonze ikazungumza. Hajazaa, walisema, ndiyo maana ana moyo wa jiwe. Najiuliza: uamuzi ule ungefanywa na mwanamume, si mngesema ana msimamo? Ukumbini pia mambo yalibadilika. Nikiwa kwenye korido nilikuwa nasikia vicheko kutoka chumba cha kubadilishia nguo, na nikifika mlangoni vinakoma, nakutana na shikamoo za heshima tupu. Mchana nikawa nakula ofisini, mlango nimefunga, redio nimewasha, ili anayepita adhani nina wageni. Imekuwa hivyo miaka mingi. Sikumwambia mtu, kwa sababu mkuu akisema ana upweke watu hudhani anaomba likizo.

Je, nilikosea? Nimelifikiria kila ninapofunga jengo hili jioni, na ningeamua vile vile.

Mwezi uliopita nilimpigia Restuta kumwalika leo. Yuko Arusha, anafundisha watoto, na bado anacheza. Nilimuuliza habari ya mguu. Akasema haujamsumbua tangu ulipopona. Kisha akasema, kwa adabu, "Hongera kwa kustaafu, Mkuu. Sitaweza kuja." Nikamshukuru, nikakaa na simu mkononi. Kama ni kuchagua kati ya mguu ule na lile jina jingine, basi nilishachagua, na mguu unacheza Arusha.

Sasa Ruthu, nisikilize. Tangu Januari umekuwa ukikaimu. Juzi ulimwondoa rafiki yako kwenye safari ya kundi kwa kuwa hakuhudhuria mazoezi, na ulikuwa sahihi. Ukaja kwangu, ukaniambia, "Mama Zipora, nimeingia kubadilisha nguo, wote wakanyamaza." Nami, baada ya miaka yote hii, sikuwa na neno. Nilikumiminia chai, tukanywa. Neno nililokosa ni hili: hawakuchukii. Wanaogopa kwamba kesho itakuwa zamu yao, na hilo huwezi kuwaondolea, kwa sababu ni kweli.

Wazazi, Ruthu akimkatalia mwanenu, msimtafutie sababu kwenye tumbo lake la uzazi. Walimu, mgongeeni mlango hata kama hamna shida ya kikazi.

Mheshimiwa, nakushukuru kwa kuacha shughuli zako. Bodi, nawashukuru kwa kuniamini. Wanangu, nyoosheni migongo, hata mkiwa sakafuni.

Na wewe Ruthu, kuanzia kesho mimi si bosi wa mtu. Naweza kusikiliza malalamiko yako yote na hakuna litakaloingia kwenye kikao. Nitapika mlenda, nitapika na wali kwa kuwa najua mlenda huupendi. Njoo mchana. Usipoweza kesho, njoo keshokutwa, mimi nitakuwepo.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia hadi hapa. Mungu awabariki.