Akulina Savelyevna Zhilina, Aliyeitwa Alina

Habari za kuzaliwa kwa mama yangu zilisimuliwa kwanza na mama yake, bibi Fetinya, mwezi Machi 1972, nilipokuwa na miaka minane, nami nazisoma leo mazishini kama alivyozisema.

Marehemu Akulina Savelyevna alizaliwa tarehe 26 Juni 1939, hapa Podgornovo, mkoa wa Vologda, akiwa mdogo kiasi cha kuenea ndani ya buti la sufu la baba yake, akabatizwa kwa siri jikoni, maana serikali ya wakati ule ilipinga dini, kwa jina la mtakatifu wa siku ile, na padri mzee akamweleza bibi kwamba jina hilo lilitoka kwa Warumi wa kale, lina maana ya tai, na kwamba mtakatifu mwenyewe alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili aliyeuawa kwa kukataa kuikana imani yake. Kila mwaka, siku hiyo ya mtakatifu ndipo nzi huanza kuwauma ng'ombe hadi wakimbie mikia juu, hivyo shuleni, alikomaliza darasa la saba mwaka 1954, wenzake walimwita Akulina Mkia Juu, naye akicheka pamoja nao.

Alikamua ng'ombe katika shamba la ushirika kwa miaka arobaini, akaolewa na Trofim Zhilin tarehe 12 Februari 1961, wakajaliwa mtoto mmoja, ndiye mimi, Regina, niliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1963.

Tarehe 17 Agosti 1985, siku ya harusi yangu mjini Vologda, niliwaonea haya wakwe zangu, maana mjini Akulina lilionekana jina la kishamba, nikamvuta mama kando nikamwomba, kwa siku ile tu, akubali kuitwa Alina, akanijibu, "Haya, mwanangu, kwa leo tu." Mama mkwe, Rimma Eduardovna, alipoinua glasi kumtakia afya Alina Savelyevna, mama aligeuka kumtafuta huyo mtu, kisha naye akainua glasi yake kwa ajili ya huyo Alina. Hiyo "leo tu" ilidumu miaka thelathini na mitatu.

Alipatwa na kiharusi tarehe 20 Desemba 2018, akafariki tarehe 9 Januari 2019. Jana nilimwandikia padri jina la kuombewa, nikaandika Alina kwa mazoea, naye akauliza huyo ni nani, maana kanisa halina mtakatifu wa jina hilo. Aliyejibu ni bibi Klavdia, aliyekamua ng'ombe pamoja na mama: "Regina, aliyelala hapo ni Akulina. Hata sasa unamwonea haya?"

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi katika ardhi iliyoganda, na wakamuaji wenzake, ambao kwao hakuwahi kuwa na jina jingine. Msalabani tumeandika Akulina.

Bibi Fetinya, baba na Rimma Eduardovna wametangulia. Bibi Klavdia yu hai, amesimama pale mlangoni, lakini harusini hakuwapo. Kati ya walioketi kwenye meza kuu ya harusi ile tumebaki wawili, mume wangu Gleb na mimi, na tangu siku ile hakuna kati yetu aliyemwita kwa jina lake akiwa anasikia.

Akulina Savelyevna, mama, pumzika kwa amani.