Mwalimu Adventina na Watoto Kumi na Mmoja Walioandikwa Wamehama

Mchungaji, wazee wa ukoo, walimu, majirani wa Nshambya, na ninyi mliotoka Muleba kabla hakujapambazuka, mimi ni Aroni Rugaibula, mdogo wake marehemu, na ndimi niliyepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, Mwalimu Adventina Kamala, ingawa najua wengi mlitegemea kumsikia Mwesiga, mwanawe mkubwa, na mimi mwenyewe nilijiuliza siku mbili nzima kwa nini asiwe yeye. Historia hii aliiandika marehemu kwa mkono wake, kurasa tisa kwa kalamu ya kijani, akaacha nafasi moja tu wazi, ya tarehe ya kufariki, kwa sababu, waitu, ndugu zangu, dada hakumwamini mtu yeyote kumwandikia tarehe.

Alizaliwa Izigo tarehe 3 Juni 1967, akiwa mtoto wa pili wa Tata Rugaibula na Ma Magdalena, na Ma hadi anafariki alishikilia kwamba ilikuwa Jumapili, kengele za kanisa zinalia, lakini pembeni marehemu ameandika kwamba alihakiki kwenye kalenda, ilikuwa Jumamosi, na kama kengele zililia basi aelezwe zililia za nini. Alisoma shule ya msingi huko huko Izigo mwaka 1975 hadi 1981, sekondari mwaka 1982 hadi 1985, chuo cha ualimu mwaka 1986 hadi 1988, akaajiriwa tarehe 1 Julai 1988, na kila mwaka ameuwekea alama ya vema pale tu alipokuwa na cheti mkononi.

Tarehe 19 Desemba 1992 alifunga ndoa na Bwana Julius Kamala, fundi seremala wa hapa Nshambya, aliyetutangulia mwaka 2011, na Mungu akawajalia watoto watatu, Mwesiga, Lilian na Datius, ambao ni mashahidi wangu kwamba haikuwahi kuingia ripoti ya shule katika nyumba hii ikashangiliwa kabla mama yao hajaijumlisha upya. Shemeji Julius alikuwa akitucheka sisi ndugu wa mkewe, anasema mke mliyenipa hata akiambiwa mvua inanyesha hutoa kwanza mkono dirishani.

Mwaka 2009 aliteuliwa kuwa mwalimu wa taaluma katika shule moja ya Wilaya ya Muleba, karibu na ziwa, ambayo kamati ya mazishi imeniomba nisiitaje, nami siitaji, wanaoijua wanaijua. Huko ndiko alikoanza kaunta buku lake lenye jalada jeusi, ambamo baada ya kila mtihani aliwapanga watoto si kwa wastani wa darasa, ambao alisema unaficha mengi, bali kwa mahali wanapotoka, watoto wa vibanjani, yaani wa wenye mashamba ya migomba, watoto wa mwaloni ambao wazazi wao wanavua na kuanika dagaa, watoto wanaolelewa na bibi zao, tena wasichana mbali na wavulana mbali, ili aone nani anaachwa nyuma na kwa kiasi gani. Ni yeye aliyegundua kwamba watoto wa mwaloni hufeli zaidi mitihani inayoangukia majuma ya giza, wakati dagaa wanavuliwa kwa wingi na kila mkono unahitajika kuanika, akaomba majaribio yasogezwe mbele, akachekwa, akaomba tena. Mwaka 2020 watoto wa vibanjani walifaulu themanini na mmoja katika kila mia, wa mwaloni wakafaulu kumi tu kati ya ishirini na sita, na pengo hilo lilimnyima raha, alikuwa akilizungumzia hata mezani mtu akijaribu kula ndizi zake kwa amani.

Januari 2021 aligundulika kuwa na uvimbe kwenye titi, akafanyiwa upasuaji, akakaa likizo ya ugonjwa hadi mwanzoni mwa Mei, na aliporudi kazini akaambiwa kwamba katika watoto ishirini na tisa wa mwaloni waliokuwa darasa la saba, kumi na mmoja wamehamia kisiwani na wazazi wao kufuata samaki. Aliamini, maana wavuvi huhama kweli. Matokeo ya mtihani wa Septemba yalipotoka, watoto wa mwaloni walikuwa wamefaulu kumi na watano kati ya kumi na wanane, sawasawa kabisa na wa vibanjani, pengo la miaka yote limezibika kwa mwaka mmoja, shule ikapewa kikombe, ikapikwa pilau. Dada hakula ile pilau. Aliuliza mbele ya wageni wale kumi na mmoja wanasoma shule gani, na meza nzima, jamani, ikageuka kutazama sahani.

Tarehe 11 Desemba 2021, akiwa bado na maumivu ya upasuaji, alipanda mtumbwi akaenda hadi kwenye shule ya kisiwani iliyoandikwa katika barua za uhamisho wa watoto hao, akaomba kuona rejesta, akakuta hakuna hata mtoto mmoja aliyepokelewa. Aliporudi, saba kati yao aliwakuta pale pale mwaloni, dakika kumi kwa miguu kutoka darasani kwao, wanageuza dagaa, wote wa mkiani katika kaunta buku lake, wakamwambia kwamba walielezwa wamehamishwa, majina yao hayapo tena, wakae nyumbani. Aliandika barua ya malalamiko tarehe 10 Januari 2022, na tarehe 3 Machi akapokea barua ya uhamisho wake mwenyewe, kwenda kufundisha upande wa Rubya, barua inayosema ni uhamisho wa kawaida.

Hapa naomba niseme langu, halipo katika zile kurasa tisa. Tangu siku ile niliwashuku watu wengi. Nilimshuku mwalimu mkuu, ambaye namwona ameketi turubai la pili, karibu sana, Mwalimu, na sijaacha kumshuku. Nilimshuku zaidi Mwalimu Vestina, aliyekuwa jirani yake katika nyumba za walimu, kwa kuwa ndiye aliyeichapa ile barua ya malalamiko, nikasema nani mwingine angeipeleka kwa wakubwa kabla haijafika, nikaacha kuitikia salamu zake kwa miaka miwili, hata msibani kwa mama yake sikwenda. Ukurasa wa sita marehemu ameandika kwamba Vestina ndiye aliyezunguka naye nyumba kwa nyumba kuwatafuta wale watoto, kila Jumamosi, mvua na jua. Mwalimu Vestina, mbele ya watu hawa wote, nisamehe.

Ukurasa wa saba kamati imeniomba niuruke, nikakubali juzi, leo asubuhi nimekataa. Mtoto hahamishwi hivi hivi, lazima kiongozi wa mahali athibitishe kwa sahihi na muhuri kwamba familia yake imehama kweli, na marehemu alipata nakala za karatasi zote kumi na moja, zote za Jumamosi tarehe 13 Februari 2021, zote zimethibitishwa na mwenyekiti mmoja wa kitongoji cha pale mwaloni. Mwenyekiti huyo ni mimi. Mwalimu mkuu alinikuta nikienda harusini, nimeshakaa juu ya pikipiki, injini inanguruma, akaniambia ni wale wavuvi tu, Mwenyekiti, unawajua, nami nikaweka karatasi juu ya tangi la mafuta nikasaini, nikapiga muhuri, sikusoma hata jina moja. Dada alizipata nakala hizo mwaka 2022, na kwa miaka mitatu alikuja kwangu, akala chakula cha mke wangu, akanisikiliza nikiwalaani wote waliomfanyia hila, ananitazama tu, na mimi mjinga nikidhani ni ugonjwa. Sasa najua kwa nini hakumchagua Mwesiga.

Ugonjwa ulirudi Juni 2024, ukaingia kwenye mifupa, akalazwa mara nne, na Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa tatu asubuhi, akafariki dunia akiwa na miaka hamsini na saba, na tarehe hiyo nimeijaza mimi, Lilian akaihakiki, kama ambavyo marehemu angetaka. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia akiwauliza kila kidonge ni cha nini, inawashukuru majirani wa Nshambya kwa kuni, maji na mikeka, inawashukuru walimu wenzake, wale waliomsaidia, na wale wengine nao kwa kufika.

Katika mstari wa watoto aliowaacha, baada ya watatu wake wa kuzaa, marehemu ameandika wengine kumi na mmoja. Tisa kati yao aliwapata na kuwarudisha, sita wako sekondari, watatu wanajifunza ufundi, na mbele ya jina la kila mmoja ameweka alama ya vema. Wawili hawana alama. Ameeleza kwamba aliandika barua nyingi ambazo hazikusomwa, lakini historia ya marehemu husomwa mbele ya watu wote na hakuna anayemkatiza msomaji, kwa hiyo ameamuru yasomwe majina mawili, polepole, mara mbili, na anayesoma awe yule aliyesaini.

Najibu Haruni. Renatha Mwombeki. Najibu Haruni. Renatha Mwombeki. Watakuwa na miaka kumi na saba sasa, na kama kuna mtu hapa anayejua walipo, tukishamaliza kufukia nitakuwa pale kwenye mlango wa kibanja, nina kaunta buku lake na ile kalamu ya kijani, na safari hii nitasoma kabla ya kuandika.

Pumzika kwa amani, dada, maana mimi yangu umeondoka nayo.