Kifungu cha Tisa

Benchi letu lipo barazani kwangu, hatua mbili kutoka cherehani yangu, na saa kumi alasiri halina nafasi. Upande wa ukutani anakaa Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, anayenyoa nusu saa na kuongea saa nzima. Pembeni yake Spana, fundi wa pikipiki, ambaye akishika kikombe chako utakitambua kesho kwa alama za vidole. Mwisho wa benchi ni pa Mama Turubai, mkodishaji wa mahema na viti, mwanamke asiye na haraka ya maneno. Alhamisi ile alikuja na bahasha kwapani, akakaa katikati, akatuambia kesho saa nne asubuhi anatakiwa kusaini mkataba mkubwa kuliko yote aliyowahi kuishika: tamasha la kwaya za shule, uwanja wa mpira, siku mbili, watoto elfu tatu, mahema yake yote ishirini.

— Kurasa kumi na nne, — alisema. — Nimezisoma mara mbili. Kuna kitu kinanikaba, ila sijui ni kipi.

— Lete hapa, — alisema Wembe. — Mikataba naijua. Mimi nimepanga chumba kwa mkataba.

— Mkataba wako ni karatasi moja, — nilimwambia, — na nusu yake inahusu choo.

Wembe aliuchukua mkataba. Aliinua miwani, akasoma kwa sauti ya kutangaza habari: “Mtoa huduma atahakikisha mahema yamesimama muda wote wa tukio.”

— Umesikia hilo? — alidakia Spana. — Muda wote. Hapo mama umeliwa. Tukio halitaisha. Watasema kwaya bado zinaimba, kumbe wameshayageuza maghala.

— Tamasha ni siku mbili, Spana, — nilisema. — Imeandikwa.

— Imeandikwa inaanza lini. Nionyeshe palipoandikwa mtoto wa mwisho ananyamaza lini.

Wembe alikuwa ameshafika ukurasa wa kumi na moja.

— Hayo madogo. Sikiliza hii: “Picha zote zitakazopigwa uwanjani ni mali ya Mwandaaji.” Mama Turubai, wewe utakuwa uwanjani. Utapigwa picha. Kwa hiyo sura yako ni mali yao. Ukienda kupiga picha ya kitambulisho, unakwenda kuomba ruhusa.

— Na wanawe wanaofanana naye? — aliuliza Spana.

— Hao ndio balaa kabisa. Hao ni nakala.

Tulicheka, na Mama Turubai naye alicheka, lakini mkono wake haukutoka juu ya bahasha. Spana akaja na jipya: kifungu cha majanga ya asili kimewekwa kwa sababu waandaaji wana mtu wao kwenye utabiri wa hali ya hewa, na mvua ya Jumapili wanaijua tayari. Wembe akaona hiyo haitoshi. Kwa maoni yake, mvua yenyewe walikuwa wameiagiza.

Ndani ya duka alikuwapo mteja akisubiri nimalizie upindo wa sare yake. Alikuwa muuguzi, amehamia mtaani mwezi uleule, na hakuna aliyekuwa amempa jina bado. Alisogea mlangoni.

— Samahani, — alisema. — Hayo mahema, upepo mkali ukija watoto wakiwa ndani, nani anaamuru watoke?

Wembe alianza kupekua kurasa. Spana akaichukua ile karatasi kana kwamba anajua kusoma haraka. Mama Turubai akaivuta polepole kutoka mkononi mwake, akatafuta kifungu cha tisa, akasoma mwenyewe: “Mahema hayatashushwa bila kibali cha maandishi cha Mwandaaji.”

— Mwandaaji ndiye nani? — aliuliza muuguzi.

— Kampuni.

— Kampuni itakuwa imesimama wapi siku hiyo?

Mama Turubai alikunja mkataba, na ndipo akatuambia jambo ambalo kwa miaka yote ya benchi lile hakuwahi kulisema. Katika kazi yake ya pili tu, harusi ya watu mia mbili, aliona hema linapumua kwa upepo. Alimtafuta mwenye shughuli aombe watu watoke. Akaelekezwa kwa mjomba, mjomba akamwelekeza kwa mshereheshaji. Alipompata mshereheshaji, nguzo ilikuwa imeshaanguka juu ya bega la mdogo wake Mama Turubai mwenyewe. Mpaka leo yule mdogo hachani nywele kwa mkono wa kulia.

— Kumbe ndicho kilichokuwa kinanikaba, — alisema, akaondoka bila kugusa kahawa yake.

Ijumaa alipanda ghorofa ya nne, ofisini kwa waandaaji. Yaliyotokea huko alitusimulia mwenyewe. Mezani walikuwa watatu: mkurugenzi wa tamasha, mwanasheria, na meneja wa mikataba, binti mwenye kalamu nne. Aliwauliza swali la muuguzi kama lilivyo. Mkurugenzi akamtazama mwanasheria. Mwanasheria akafungua ukurasa wa sita, akaenda wa tisa, akarudi wa sita.

— Kiutaratibu, — alisema mwanasheria, — ungetuandikia barua.

— Nami ningeishika barua kwa mkono upi, na nguzo kwa upi?

Mkurugenzi hakutaka. Alisema akimpa mwenye mahema mamlaka ya kusimamisha tamasha, atalisimamisha kwa manyunyu, na wageni wake hawatamwelewa. Mama Turubai hakubisha. Alisema hofu hiyo ni ya haki, basi waiandike nayo. Upepo upimwe kwa kipimo, si kwa macho. Ukifika kilomita arobaini kwa saa, watoto watoke na mahema yashushwe. Ukikaa chini ya hapo kwa dakika ishirini, warudi. Na mwenye kuamuru awe mtu mmoja, mwenye jina, aliyepo uwanjani.

Alikuwa amekwenda na maombi mengine mawili: bango lake langoni, na kuingia uwanjani siku moja kabla. Yote mawili aliyaachia palepale mezani. Walivutana hadi saa saba. Mwishowe binti wa kalamu nne alikata kifungu cha tisa kwa wino, akaandika kipya pembeni, akauliza:

— Jina niandike la nani?

— Andika langu, — alisema Mama Turubai. Binti akaliandika, naye akasaini.

Jumapili ya tamasha, saa tisa mchana, kipimo kilisoma arobaini na tatu. Kwaya moja ilikuwa ndiyo kwanza imeanza wimbo. Mama Turubai alisimama, akainua mkono. Mkurugenzi alikuja mbio.

— Mama, wimbo mmoja tu. Dakika tatu.

— Hapana, mwanangu.

Walimu waliwatoa watoto kwa mistari hadi chini ya jukwaa la zege. Vijana wake wakashusha mahema yote ishirini. Upepo ulivuma nusu saa, ukapeperusha viti vya plastiki mpaka golini, kisha ukatulia. Mahema yakasimamishwa upya, na kwaya ile ikaimba wimbo wake tangu mwanzo.

Jumatatu benchi lilijaa mapema, na muuguzi alikuwa amekaa kati ya Wembe na Spana. Mama Turubai alitueleza kuwa meneja wa mikataba amempigia asubuhi, anaomba ruhusa kifungu chake kiingie katika mikataba yao yote ya mwaka ujao.

— Ila tuseme kweli, — alisema Wembe. — Mahema yangeachwa vilevile, yangeanguka?

— Yangevuka mpaka, — alisema Spana. — Saa hizi yangekuwa yanadaiwa pasipoti.

— Sikuulizi wewe. Namuuliza mwenyewe.

Mama Turubai alikunywa kahawa yake mpaka mashapo ya chini.

— Sijui, — alisema. — Na sitajua.

Tangu nimfahamu, sijawahi kumwona ametulia namna ile. Muuguzi alimsogezea birika. Lilikuwa tupu.